Faili la Hifadhidata Likigoma Kufunguka: Okoa Data Kwanza, Ukarabati Uje Baadaye

Jana jioni faili lilifunguka bila shida. Asubuhi ukilibofya, kompyuta inakujibu kwa maneno matatu: "Unrecognized database format". Pengine linafunguka, majedwali yote yapo, ila ukishuka hadi rekodi fulani programu inajifunga ghafla. Pengine tena kila kitu kinasomeka isipokuwa sehemu moja ya maelezo, ambayo imejaa herufi za Kichina ambazo hakuna aliyeziandika. Haya ni maradhi matatu tofauti. Mtu aliyeshikwa na hofu huyapa dawa moja: anaingia kwenye menyu, anabofya "Compact and Repair Database" (yaani bana na ukarabati hifadhidata), kisha anasubiri roho mkononi.

Ningependa nimkute mtu huyo kabla hajabofya. Kitufe hicho si kibaya. Nimekitumia mara nyingi na kikanifaa. Lakini kina lengo lake, nalo ni kukupa faili linalofunguka. Wewe unachotaka ni data. Mara nyingi malengo hayo mawili huenda pamoja, na siku yanapoachana ndipo watu hupoteza kazi ya miaka huku wakiamini wameiokoa.

Ninazungumzia hifadhidata za mezani, zile ambazo majedwali, faharasa (orodha za kuharakisha utafutaji) na pengine hata fomu na ripoti vimo ndani ya faili moja au mafaili machache kwenye kompyuta au folda ya pamoja. Microsoft Access, yenye mafaili ya .mdb na .accdb, ndiyo inayowasumbua wengi, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. SQLite, iliyofichika ndani ya programu nyingi tunazotumia, ina tabia zake. Hifadhidata za DBF, za enzi za programu kongwe za dBase na FoxPro, bado zinafanya kazi kwenye ofisi ambazo hazijaona sababu ya kuhama.

Kitufe cha ukarabati hufanya nini hasa

Wengi hudhani programu huingia ndani ya faili, ikatafuta palipovunjika, ikapaunga. Sivyo. Huunda faili jipya tupu pembeni, huhamishia humo kila inachoweza kukisoma, halafu faili jipya huchukua jina la lile la zamani. Kisichosomeka hakihamishwi. Ufunguo msingi, yaani sehemu inayoitambulisha kila rekodi, ukikutwa na namba zinazojirudia nao hauwezi kujengwa upya, hivyo unaachwa, na uhusiano wa majedwali ulioutegemea unaondoka nao. Mwishoni unapata faili jepesi, linalofunguka vizuri, lenye rekodi pungufu. Access huandika makosa iliyokutana nayo katika jedwali liitwalo MSysCompactError, ila watumiaji wengi hawajui hata kwamba jedwali hilo lipo.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Rekodi iliyofutwa kwa kawaida haiondoki mara moja kwenye faili. Huwekewa alama ya kufutwa, na baiti zake hubaki pale pale hadi nafasi hiyo itakapochukuliwa na rekodi nyingine. Mtu aliyefuta wateja mia kwa bahati mbaya bado ana matumaini. Akibana faili kwa kitufe kile, mabaki hayo hayahamishwi, na matumaini yake yanaishia hapo.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kunakili. Watu wote watoke kwenye programu. Angalia kama kando ya faili kuna jingine lenye jina hilo hilo na kiendelezi cha .ldb au .laccdb: hilo ni la kufuli, linaonyesha walio ndani. Kama bado lipo baada ya wote kutoka, ama kuna kompyuta ambayo bado imelishika faili, ama kuna iliyozimika bila kuaga. Ukishahakikisha, nakili folda nzima, si faili moja. Nakala ya kwanza iende kwenye diski nyingine, iwekwe kuwa ya kusomwa tu, na isifunguliwe tena. Fanyia majaribio nakala ya pili. Ukiivuruga, chukua nyingine kutoka ya kwanza.

Ikiwa kunakili kwenyewe kunakwama katikati, au diski inatoa mlio wa kugonga, tatizo lako la kwanza ni diski, na hifadhidata isubiri. Inayogonga izimwe na ipelekwe kwa fundi wa diski. Kila jaribio lako jingine laweza kuwa ndilo la mwisho. Yenye sehemu chache tu zisizosomeka inaweza kunakiliwa kwa programu ya GNU ddrescue, ambayo huchukua kwanza maeneo mazima, ikarudi baadaye kwa yale mabaya, na kuweka kumbukumbu ya ilipofikia ili iweze kuendelea hata ukiisimamisha. Vyovyote iwavyo, usihifadhi unachookoa kwenye diski ile ile unayookoa kutoka kwake.

Kitabu kilichofumuka

Ukielewa jinsi faili lilivyojengwa ndani, hofu hupungua sana, kwa hiyo tutulie hapa kidogo.

Faili la Access limegawanywa katika kurasa zenye ukubwa sawa: baiti 4,096 kila ukurasa tangu Access 2000, na baiti 2,048 katika Access 97. Faili la megabaiti 40 basi lina kurasa 10,240. Ukurasa wa mwanzo kabisa ni kitambulisho. Baada ya baiti nne za kwanza yameandikwa maneno "Standard Jet DB" kwa .mdb, au "Standard ACE DB" kwa .accdb. Programu huanza kusoma hapo. Maneno hayo yakichafuka, faili zima hukataliwa, hata kama kurasa nyingine 10,239 hazina hata mkwaruzo. Kwenye ukurasa huo huo kuna eneo dogo la alama za watumiaji: anayeanza kuandika alama yake hubadilishwa, akimaliza hurudishwa. Kompyuta yake ikizimika kabla ya kumaliza, alama hubaki imeinuliwa, na anayekuja baadaye huambiwa faili halijakaa sawa. Data huenda zisiwe zimeguswa kabisa. Ni kwamba hakuna aliyerudi kuthibitisha.

Ukihesabu ukurasa wa mwanzo kuwa sifuri, kwenye ukurasa wa 2 huanzia orodha kuu iitwayo MSysObjects. Hiyo ndiyo inayojua kuna majedwali gani na kila moja limeanzia wapi. Ikiharibika, majedwali hutoweka machoni pako. Hayajaondoka, aliyekuwa akijua yalipo ndiye amepoteza kumbukumbu.

Baiti ya kwanza ya kila ukurasa hutaja aina yake: ukurasa wa data ni 1, wa maelezo ya jedwali ni 2, wa faharasa ni 3 au 4. Tena ukurasa wa data hubeba namba ya ukurasa wenye maelezo ya jedwali lake. Fikiria kitabu kilichokatika nyuzi, kurasa zikatawanyika sakafuni, orodha ya yaliyomo ikapotea, lakini kila karatasi imeandikwa jina la sura yake juu. Mwenye subira anaweza kukipanga upya. Hivyo ndivyo programu za uokoaji zinavyofanya: haziulizi orodha kuu, hupita ukurasa baada ya ukurasa na kukusanya vya jedwali moja pamoja.

Faharasa ni kitu cha kukupa faraja. Haina data ya pekee. Inashika nakala za thamani na mahali rekodi zilipo, ili utafutaji uwe wa haraka. Ikivunjika, faili linaweza kuonekana limekufa kwa sababu programu inapitia humo kuzifikia rekodi, ilhali rekodi zenyewe ni nzima. Unaifuta, unaijenga upya, hujapoteza chochote.

Maelezo marefu, yaani sehemu za aina ya Memo au Long Text, ndiyo dhaifu kuliko yote. Maandishi yakizidi urefu fulani hayakai ndani ya rekodi. Huwekwa kwenye ukurasa mwingine, na ndani ya rekodi hubaki kielekezi cha baiti 12 kinachosema "nenda pale". Kielekezi kikikosea, programu huenda kwenye ukurasa usio wake na kusoma baiti za kitu kingine kana kwamba ni maandishi. Herufi za Kichina hutoka hapo. Tangu Access 2000 herufi isiyobanwa huhifadhiwa kwa baiti mbili, na jozi ya baiti ina uwezekano wa thamani 65,536. Zaidi ya 20,000 kati ya hizo zimegawiwa herufi za Kichina. Ukisoma takataka yoyote jozi kwa jozi, basi, utaona Kichina. Hakuna mdukuzi hapo.

Ilifikaje hapo? Access haina seva ya kusimamia uandikaji wa data. Injini ya hifadhidata huendeshwa kwenye kompyuta ya kila mtumiaji, na kurasa husafiri kwenye mtandao kwenda na kurudi. Kuongeza rekodi moja tu kunaweza kugusa ukurasa wa data, kurasa mbili tatu za faharasa na ukurasa wa matumizi ya nafasi. Wi-Fi ikikatika baada ya mbili kuandikwa na nyingine bado, faili linabaki na habari zinazopingana. Umeme ukikatika ni hivyo hivyo. Folda zinazojisawazisha na hifadhi za mtandaoni ni hatari ya aina hiyo pia, kwa kuwa zinaweza kulibeba faili katikati ya kuandikwa, au kuweka toleo la mmoja juu ya la mwenzake.

Kabla ya kuanza, pima kama kuna cha kuokoa

Tazama ukubwa wa faili. Kisha libane kuwa zip. Hifadhidata ya kawaida hupungua, lakini megabaiti 40 zikigeuka kilobaiti chache, ndani kuna sifuri tupu. Hutokea baada ya umeme kukatika: NTFS, mfumo ambao Windows hupangia mafaili kwenye diski, hutumia jarida lake kulinda mpangilio wa mafaili, haulindi yaliyomo, hivyo faili linaweza kubaki na jina na ukubwa wake huku ndani hamna kitu. Hapo hakuna programu itakayokusaidia, ya bure wala ya kulipia. Jipunguzie siku tatu za kuhangaika, geukia nakala ya akiba, matoleo ya awali ya folda kwenye Windows, au barua pepe ambayo mtu aliwahi kuambatishia faili hilo.

Kama kuna kitu, anza na njia isiyoandika chochote kwenye faili lenye maradhi. Unda hifadhidata mpya tupu, kisha ingiza majedwali kutoka kwenye nakala. Majedwali peke yake, moja baada ya jingine. Ukiyachagua yote kwa mkupuo, moja bovu linaweza kukwamisha mengine kumi yaliyo mazima. Fomu, ripoti na msimbo viache kwanza. Hivyo vinaweza kupatikana katika toleo la mwezi uliopita. Rekodi za juzi haziwezi. Mara nyingine faili zima linakataa kufunguka kwa sababu ya msimbo wa VBA (lugha ya programu iliyomo ndani ya Access) peke yake, na hapo kuanzisha Access kwa swichi ya /decompile, inayoondoa msimbo uliokwishatafsiriwa, huenda kukatosha.

Access ikikataa kabisa, jaribu msomaji mwingine. Kwenye Linux kuna mdbtools: amri ya mdb-tables huorodhesha majedwali, na mdb-export hutoa jedwali zima kama CSV, yaani maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa koma. Kwa wanaoandika Java kuna maktaba ya Jackcess. Zana hizi zilijengwa na watu waliochunguza muundo wa faili wenyewe, kwa hiyo hazikwami lazima pale Access inapokwama. Mimi huzijaribu mapema kuliko wengi wanavyoshauri, kwa sababu kutoa CSV hakubadilishi kitu.

Ukibaki na jedwali linalovunjika katikati, sasa ndipo kazi ya mikono. Tuseme lina rekodi 20,000 na ufunguo wa namba. Unda jedwali tupu lenye sehemu zile zile, halafu andika hoja (query) ya kuhamisha rekodi kuanzia 1 hadi 10,000. Ikipita, nusu hiyo iko salama. Jaribu ya pili. Ikigoma, igawe tena: 10,001 hadi 15,000. Endelea kugawa. Hatua zisizozidi 15 hukufikisha kwenye rekodi moja mbovu, na utakuwa umeshavuna karibu zote zilizoizunguka. Usiiache hiyo moja bado. Ihamishe bila sehemu ya maelezo marefu, kwa kuwa mara nyingi ndiyo yenye kidonda. Anayepoteza aya moja ya maelezo si sawa na anayepoteza mteja mzima pamoja na namba yake, tarehe na deni lake.

Kama hata hoja ya kwanza inagoma, huenda ni faharasa. Ondoa faharasa kwenye nakala kama programu inakuruhusu, au soma jedwali bila kulipanga wala kulichuja ili programu isipitie humo.

SQLite na mafaili yake ya pembeni

Hapa hasara kubwa husababishwa na usafi. Mtu anaona kando ya hifadhidata kuna faili lenye mwisho wa -journal au -wal, anadhani ni takataka, analifuta. Faili la -journal hushika kurasa za zamani kabla hazijabadilishwa. Kazi ikikatika njiani, programu inapofunguka tena hulitumia kurudisha mambo yalivyokuwa. Ukilifuta, mabadiliko ya nusu nusu yanabaki hivyo daima. Faili la -wal hufanya kinyume chake: mabadiliko mapya huandikwa humo kwanza, yakahamishiwa kwenye faili kuu baadaye. Ukinakili faili kuu peke yake unaweza kuiacha nyuma kazi yote ya leo. Majina nayo yasibadilishwe, maana SQLite hulitambua faili la pembeni kwa jina.

Ukishakuwa na nakala kamili, amri ya PRAGMA integrity_check itakuambia hali. Ikijibu "ok", muundo ni mzima. Ikisema rekodi fulani zinakosekana kwenye faharasa, pumua. Amri ya REINDEX, inayojenga faharasa upya, huenda ikatosha. Kwa uharibifu mkubwa zaidi kuna .dump, inayogeuza hifadhidata kuwa maagizo ya SQL, lugha ya hifadhidata. Ina mtego mmoja. Ikikutana na hitilafu, huandika ROLLBACK (yaani tengua yote) kwenye mstari wa mwisho, na ukiyaendesha maagizo hayo unapata hifadhidata tupu. Badilisha neno hilo liwe COMMIT (yaani thibitisha), na vyote vilivyosomwa vinaingia. Tangu toleo la 3.29.0 la mwaka 2019 kuna pia .recover, inayopita kurasa bila kutegemea orodha kuu. Rekodi isizojua kwao huziweka katika jedwali liitwalo lost_and_found. Zipitie moja moja, kwa kuwa humo huonekana vitu ambavyo mtu alikwishavikatia tamaa.

DBF ni rahisi kuliko zote. Kila rekodi ina urefu ule ule, na idadi ya rekodi imeandikwa kwenye kichwa cha faili. Umeme ukikatika, rekodi zinaweza kuwa zimeandikwa na idadi bado ni ya zamani. Kuirekebisha hurudisha zilizoonekana kupotea. Iliyofutwa ina alama ya nyota mwanzoni mwake, na hubaki hapo hadi mtu atakapoendesha amri ya PACK, inayoziondoa kabisa zilizofutwa.

Kuhusu programu za kulipia, nyingi hukupa toleo la majaribio linaloonyesha zinachoweza kukitoa. Nunua tu ukiona rekodi zako mwenyewe kwenye skrini, zenye majina unayoyajua. Kuona orodha ya majedwali peke yake hakuthibitishi kitu. Na kama faili lina habari za watu, usilipakie kwenye tovuti usiyoijua. Faili la .accdb lenye nenosiri limesimbwa kweli, kwa hiyo bila nenosiri kurasa zake hazisomeki kwa zana yoyote.

Baada ya kuokoa

Data zilizookolewa zisiaminiwe kwa kuwa tu zinaonekana. Hesabu rekodi na ulinganishe na ripoti ya mwisho iliyochapishwa. Jumlisha fedha kwa mwezi na uone kama zinalingana na karatasi. Tafuta tarehe zisizowezekana, namba zinazojirudia, na mistari ya ankara isiyo na ankara yake. Ndipo urudishe ufunguo msingi na uhusiano wa majedwali, ukianza na majedwali mazazi, yale ambayo mengine yanayategemea. Ingiza rekodi moja ya majaribio na uangalie namba inayojitoa yenyewe: Access imewahi kuanza kuhesabu kutoka namba iliyokwishatumika. Mwisho kabisa ndipo ubofye "Compact and Repair", sasa likiwa faili jipya lisilo na kidonda.

Faili la zamani, lile bovu, usilifute. Liandike tarehe na ulitunze. Miezi kadhaa baadaye mtu atakuja kuuliza juu ya malipo fulani ambayo hayaonekani popote, na utaweza kulifungua tena kwa nakala nyingine, ukijua namba ya kutafuta na jedwali la kuanzia.